Breki za baiskeli zinazolia zisipakwe mafuta

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linalohatarisha watu wengi wanaotumia baiskeli hapa Lubumbashi, hasa vijana wanaoingia mjini na magunia ya makaa kwa barabara ya Kasenga na ile ya Kipushi. Breki zao zikianza kulia, baadhi ya mafundi wa kando ya barabara huzinyamazisha kwa kupaka mafuta kwenye rimu.

Mimi mwenyewe nilitendewa hivyo mwaka jana. Breki yangu ya mbele ilikuwa ikipiga kelele hata watoto wa mtaani wanaziba masikio, nami nikampelekea fundi, ambaye alidondosha mafuta ya injini pande zote mbili za rimu, akazungusha gurudumu, na kelele ikakoma papo hapo. Nikamlipa, nikamshukuru. Kesho yake asubuhi, binti yangu akiwa amekaa nyuma, lori lilisimama ghafla mbele yetu. Nikabana breki kwa nguvu zote, na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba sikugusa kitu. Tuliokoka kwa kutumbukia mtaroni, na mtoto akachubuka magoti yote mawili.

Kelele ile hutokea kwa sababu raba ya breki hunata kwenye rimu, ikaachia, ikanata tena, mamia ya mara katika sekunde moja, na mtikisiko huo hupita kwenye mikono ya breki, yaani vile vyuma vinavyoshika raba, na kwenye foki inayoshika gurudumu, ukawa sauti. Mafuta huondoa sauti kwa kuondoa mnato, na mnato huohuo ndio unaosimamisha baiskeli. Tena raba hunyonya mafuta, kwa hiyo hata rimu ikioshwa vizuri, mara nyingi raba hazina budi kubadilishwa, kama nilivyolazimika kufanya.

Dawa yenyewe haina gharama. Rimu ioshwe kwa maji ya sabuni au ifutwe kwa spiriti, maana vumbi letu jekundu la kiangazi hujipaka humo. Raba zikwanguliwe kwa msasa mpaka ule uso uliong'aa na kuwa mgumu utoke, na chembe za chuma zilizojichoma ndani zitolewe kwa ncha ya kisu. Kisha itazamwe kama mikono ya breki au usukani umelegea, kwa kuwa kitu kilicholegea hulia hata raba zikiwa mpya. Baada ya hapo ndipo fundi alegeze nati ya raba, akunje karatasi ngumu ifikie unene wa milimita 1 hivi, aiweke kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba, abane breki, akaze nati, halafu aitoe karatasi. Hapo ncha ya mbele ya raba itagusa rimu kwanza, na ile ya nyuma itafuata mkono ukizidi kubana. Raba isiguse tairi hata kidogo, kwa sababu itaitoboa. Kwa breki ambazo raba yake haigeuki, nimeona ncha ya nyuma ikipunguzwa kidogo kwa tupa, na kelele ikaisha.

Zile baiskeli nzito za zamani, ambazo breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya waya na raba zake hubana rimu kutoka ndani, hazihitaji mambo ya karatasi; kwazo yatosha kusafisha, kukwangua raba na kukaza vyuma vilivyolegea.

Nawaomba mafundi wetu, ambao bila wao mji huu usingepata makaa ya kupikia, waache kabisa desturi hii ya mafuta, na kila mmoja aweke kitambaa cha kufutia rimu peke yake, kisichochanganywa na kile cha mnyororo.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi