Safari ya Dorset Jumamosi

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Jumamosi ni Dorset, kule pwani ya kusini mwa Uingereza, inshallah. Tunaegesha Lulworth Cove, halafu tunatembea hadi Durdle Door, lile tao la mawe ya chokaa lililotobolewa na bahari. Njia ni kama kilomita 2 tu, lakini inaanza na kilima kikali: vaeni viatu visivyoteleza, kandambili hapana. Bibi asipande, atabaki Lulworth na shangazi. Ufuo wa hapo pia unapendeza mno. Wazazi, nawasihi sana, watoto wasikae wala wasicheze chini ya majabali. Mawe huporomoka ghafla. Upepo upo hata kiangazi, bebeni majaketi. Samaki wa kupaka napika mimi. Nani ana nafasi kwenye gari? Nijibuni kabla ya Alhamisi usiku.