Samadi yangu ilifika ziwani kabla ya mimi kuitumia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba uchafu wa Ziwa Victoria letu unatoka viwandani tu. Viwanda sivitetei. Nimeendesha lori hapa Jinja miaka mingi na harufu ya mitaro yao naijua. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu mchafuzi nilikuwa mimi, na kiwanda chenyewe ni bustani ya nyuma ya nyumba, hatua ishirini kwa kumi na tano.

Naishi kwenye mteremko wa kushukia Masese, ukingoni mwa ziwa. Nilinunua magunia sita ya samadi ya kuku kwa jirani, nikaimwaga nje ya ua kando ya mtaro, maana mama watoto hakutaka harufu dirishani. Nia yangu ilikuwa kuitia kwenye migomba na sukuma wiki Jumamosi. Mvua haikungoja Jumamosi. Ilinyesha usiku kucha, asubuhi nikakuta doa jeusi chini na manyoya machache yamenasa kwenye michongoma. Nakiri kwamba nilichosikitikia kwanza ni pesa zangu.

Kesho yake alipanda kwangu mama mmoja anayeanika mukene, yaani dagaa, kule chini, na jerikeni yake ya njano. Hakupaza sauti. Aliomba beseni, nikampa jeupe la kunawia wageni, akamimina. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na juu yake yalielea makapi ya kahawa. Jirani yangu ndiye anayewatandikia kuku wake makapi ya kahawa, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. "Mzee," akasema, "samadi yako imetufikia. Haya ndiyo tunayofulia na kuogeshea watoto."

Kinachonenepesha sukuma wiki, yaani naitrojeni na fosforasi, ndicho kinachonenepesha mwani ule wa kijani unaotanda ukingoni kama rangi iliyomwagika. Ukifa na kuoza, unamaliza oksijeni ya majini na samaki wanakosa pumzi. Aina nyingine zina sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji. Gugumaji nalo hula chakula hichohicho. Wa umri wangu wanakumbuka miaka ya 1990 lilivyoziba mialo, hata mitambo ya umeme ya Owen Falls ikasumbuka, mpaka wakaletwa fukusi wa kulitafuna.

Tena si samadi peke yake. Fosforasi hushikamana na udongo, kwa hiyo udongo ukiondoka nayo imeondoka. Na sisi tumelelewa kwamba nyumba safi ni ile ambayo ua wake umefagiwa hadi unang'aa, bila hata jani. Mke wangu ni wa imani hiyo na sitathubutu kubishana naye kupitia gazetini. Tumepatana hivi: mbele anafagia apendavyo, ila upande wa chini, karibu na mtaro, nimeacha ukanda wa nyasi za paspalamu wenye upana wa hatua tatu na mstari wa mchaichai. Maji yakifika pale yanapunguza mbio na tope linabaki kwangu. Mtaro wangu siku hizi unapitisha maji maangavu, ya jirani wa pili bado mekundu.

Samadi sasa naiweka chini ya bati, imezungushiwa tuta na kufunikwa majani ya migomba. Naifukia siku ileile ninayoitoa. Mbolea ya dukani, DAP, ni kizibo kimoja cha soda kwa shimo, si konzi. Bomba la dawa ya magugu nikilisuuza, maji yake nayanyunyizia palepale shambani nilipopiga dawa. Na bati la nyumba nimelifungia mfereji wa kupeleka maji kwenye tangi. Piga hesabu: paa la mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 25, ni lita 1,000, jerikeni 50 ambazo zingepita uani zikisomba kila kitu.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, lakini huko chini watu wanafyeka mafunjo wapande mayuni, yaani magimbi. Mafunjo ndiyo chujio letu la mwisho. Yakiondoka, kila kosa la sisi wa juu linaingia ziwani moja kwa moja. Viongozi wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, hupita kukagua vyoo. Nawaomba wakipita watupie jicho na marundo ya samadi yaliyo kando ya mitaro. Waanzie kwangu kama wanataka.

Mama wa mukene nimemwambia mvua za Septemba zikianza apande tena na jerikeni yake. Beseni jeupe nimelitenga, na mke wangu ameshauliza wageni watanawia nini.

Dereva mstaafu,
Masese, Jinja