CD ya Switchfoot isitupwe, nyimbo hazina kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niitetee albamu ya Nothing Is Sound ya Switchfoot, bendi ya rock ya Kikristo kutoka San Diego, Marekani. Ilipotoka Septemba 2005 iliingia moja kwa moja nafasi ya 3 katika Billboard 200, chati ya albamu zinazouzwa zaidi Marekani, na iliyoitangulia, The Beautiful Letdown ya 2003, ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 2 Marekani. Inauma kusikia kazi nzuri hivi ikiitwa "CD yenye virusi".

Nyimbo ni safi. Tatizo ni XCP, programu ya kuzuia kunakili ambayo kampuni ya muziki ya Sony BMG iliiweka kwenye CD 52 za wasanii wake, hii ikiwamo. CD hizo zina sehemu mbili: ya kwanza muziki, ya pili data. Redio ya kawaida husoma muziki tu, haidhuriki. Lakini kwenye kompyuta ya Windows ya wakati ule, sehemu ya data ilijifungua yenyewe na kuleta mkataba. Ukiukubali, XCP ilijisimika pamoja na draiva (programu ndogo inayofanya kazi ndani kabisa ya Windows) ya kuficha kila faili ambalo jina lake linaanza na $sys$. Mkataba haukusema neno kuhusu kuficha huko. Mtaalamu wa kompyuta Mark Russinovich alipolifichua jambo hili tarehe 31 Oktoba 2005, haikuchukua hata wiki mbili wahalifu wakaanza kuficha virusi vyao kwa jina hilohilo.

Kwa hiyo, ukiipata CD hii ya mtumba, tazama ubavu wa kasha. Ukiona maneno "Content Protected", usiiweke hivihivi kwenye kompyuta ya zamani ya Windows XP, zile ambazo bado zinarekodia kwaya. Bonyeza kitufe cha Shift, ingiza CD huku umekishikilia, usikiachie mpaka kompyuta imalize kuisoma. Ukitaka kunakili nyimbo, tumia programu nyingine, si ile iliyomo kwenye CD. Wapo waliobandika kipande cha utepe ukingoni ili data isisomeke. Mimi sishauri, kwani utepe ukibanduka ndani CD ikizunguka, unaharibu mashine.

Kujua kama kompyuta imeshaingiliwa ni rahisi: tengeneza faili tupu, lipe jina $sys$jaribio.txt. Likitoweka machoni papo hapo, XCP imo. Hapo ndipo wengi hukosea, wanaanza kufuta mafaili kwa mkono. XCP imejipachika kwenye mnyororo wa draiva za CD. Ukiling'oa faili lake peke yake, Windows haioni tena mashine ya CD. Hata kifutio cha kwanza cha Sony BMG, yaani programu ya kuiondoa XCP, kiliacha tundu la usalama ambalo wahalifu wangeweza kupitia. Hifadhi kazi zako, kisha simika Windows upya.

Bendi haikunyamaza. Mpiga besi Tim Foreman mwenyewe aliwaeleza mashabiki namna ya kuikwepa programu hiyo, ingawa kampuni ilikuwa ndiyo inayowasambazia albamu. Mwezi Novemba 2005 Sony BMG iliziondoa CD hizo madukani na kuwabadilishia wanunuzi. Nakala isiyo na XCP unaweza kuipiga kwenye kompyuta yoyote.

Wako,
Mpenzi wa rock ya Kikristo, Morogoro