Umuulize habari za jino

Makorora, Tanga

Somo yangu,

Barua yako nimeipata, na papa mkavu naye kafika salama. Huku hatujambo, ila kaskazi imeanza na joto halituachi tulale.

Huyo mgonjwa wako, binti wa miaka 13, siku ya 11 damu ya hedhi haijakatika, unauliza umwambie mama yake asubiri? Usimwambie kabla hujampima. Mimi nilishamwambia mama mmoja hivyo hivyo.

Mgonjwa wangu alikuwa na miaka 14. Nikasema ni umri tu. Na kweli, miaka miwili mitatu baada ya kuvunja ungo yai mara nyingi halipevuki. Ukuta wa mji wa mimba unanenepa, kisha unabomoka vipandevipande bila mpango. Nikampa vidonge vya kuongeza damu, wakaenda zao. Wiki ya tatu karudishwa kwa bajaji, kanga mbili zimelowa juu ya pedi, viganja vyeupe kama chaki. Wingi wa damu gramu 5 tu kwa desilita. Akaongezwa damu usiku uleule. Asubuhi bibi yake, katika maongezi tu, akasema mjukuu aling'olewa jino akatoka damu siku mbili, na mama mtu naye hedhi zake ni mafuriko. Sikuwa nimeuliza! Kumbe ni ugonjwa wa von Willebrand, damu yake haigandi upesi.

Basi hesabu pedi. Ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, na inayofuata vilevile, au mapigo yanakimbia akisimama, huyo mpe rufaa leo. Kipimo cha mimba fanya hata mama akiapa. Mtume mama akalete kadi, umuulize binti peke yake, taratibu, kama kuna aliyemgusa. Spekula, kile kifaa cha kupanulia uke, achana nayo kwa mtoto ambaye hajamjua mwanamume; ultrasaundi ya juu ya tumbo ikihitajika inatosha.

Akiwa imara, vidonge vya majira vyenye homoni mbili, kimoja kila saa 8 mpaka damu ikate, halafu unapunguza hadi kimoja kwa siku, pamoja na dawa ya kichefuchefu. Ila si kwa mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli. Mama atashtuka, "Mwanangu majira?" Mimi huikata pakti mbele yake: vile 7 vya kahawia naviweka kando, maana ni madini ya chuma tu, na akivimeza akidhani anaendelea na dawa, damu inarudi. Akishaona mkasi na maelezo, hutulia. Aspirini asipewe hata kwa maumivu. Vidonge vya kuongeza damu vyenyewe aendelee navyo miezi 3 baada ya kipimo kurudi sawa, wengi huacha wakishapata nguvu ya kuruka kamba.

Nijibu upesi wingi wa damu umesoma ngapi. Na jino, somo, usisahau jino.

Somo yako