Maandalizi ya bustani kabla ya mvua za vuli

Mwangaluka wapendwa!

Jumamosi hii tunaandaa bustani yetu ya Luchelele. Tukutane saa 1:00 asubuhi pale pale kwenye mawe makubwa. Tafadhali msichelewe, ikifika saa 4 jua la huko halina utani.

1. Mchango ni sh. 5,000 kwa kila mmoja, mwisho Alhamisi jioni, kwa mhazini. Ni ya mbegu za mchicha, bamia na nyanya chungu, pamoja na kukodi toroli.

2. Jembe, sepetu au reki: lete ulicho nacho. Kina mama wa mtaa wa chini, naomba ndoo.

3. Samadi iwe iliyooza vizuri. Mbichi inaunguza mizizi, hata kama umepewa bure.

Safari hii hatuinui matuta. Udongo ule ni kichanga na haushiki maji, kwa hiyo tutachimba vitalu vizame kama sentimita 15, tuchanganye samadi, kisha tufunike kwa nyasi kavu. Maji yatatuama kwenye mche badala ya kukimbilia ziwani. Magugu maji yanafaa pia kufunikia, ila yawe yamekauka kabisa. Nyanya chungu tutasia kwanza kwenye kitalu cha miche, chini ya kivuli. Tutahamisha mvua zikishika, siyo kwa manyunyu ya siku moja!

Uji na mihogo vipo.

Naomba kila mmoja ajibu hapa NAKUJA au SIJI kabla ya Alhamisi, na ataje kifaa atakachobeba. Kaka mwenye pikipiki, samadi ya Kisesa utaweza kuifuata Ijumaa?