Ziwashe hizo arifa, baba

Mwanangu,

Juzi ulinichekesha, kisha usiku sikulala. Eti umezima arifa za mafuriko kwa sababu simu inapiga ukelele saa nane za usiku na wewe asubuhi una zamu. Baba, ziwashe kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Hapohapo San Antonio, Texas, ulipo, Juni 2025, magari yalisombwa alfajiri, watu 13 wakafa, tena mjini kwenye lami. Hata mwezi haukuisha, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai mto Guadalupe wa jimbo hilohilo ukapanda karibu mita 8 ndani ya dakika 45. Watu walikuwa wamelala. Waliokufa walipita 100.

Sisi Kigogo, Dar es Salaam, Desemba 2011, hatukuwa na simu ya kupiga kelele. Tulikuwa na jirani. Aligonga mlango mara tatu, nikamjibu nikiwa kitandani: "Mto Msimbazi naujua." Kidogo nikateremsha mguu, maji haya hapa. Friji linaelea, mlango wazi, na sufuria la maharage ya jana linazunguka sebuleni kama mtumbwi, mfuniko wake haujaanguka. Nilikufunga mgongoni kwa kanga, ukanishika masikio. Baba yako akataka kurudi kuchukua vyeti. Tuligombana mlemle majini mpaka akaniacha nishinde. Vyeti tulihangaikia vingine.

Simu yako ndiye jirani yule. Ikiandika Watch, jiandae, hali inaweza kuharibika. Ikiandika Warning, mambo yameshaanza au yako mlangoni: kaa mbali na bonde na kijito.

Na barabara, hapo ndipo roho inaponiuma. Ukikuta maji yamekatiza njia, geuza gari. Futi moja ya maji yanayokwenda inabeba gari dogo kama lako, futi mbili zinabeba hata yale makubwa mnayoringia huko. Usiku hujui kama lami chini bado ipo. Umekulia hapa, umeona watu Jangwani wakivushwa kwa mkokoteni huku wanacheka. Ujanja huo uache hukuhuku. Bosi akinuna kwa kuchelewa, mpe namba yangu.

Radi nayo. Bibi yako alikuwa akifunika vioo na kutuvua nguo nyekundu. Vioo havikuwa na kosa, ila alipotukataza kuoga alipatia, maana umeme wa radi hupita hata kwenye mabomba. Mkisikia ngurumo uwanjani, acheni mpira hata kama mnaongoza. Ingieni nyumbani au kwenye gari lenye paa la bati, vioo juu, chini ya mti hapana. Mtoke zikishapita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ukimaliza kuziwasha, piga picha ya hiyo skrini unitumie WhatsApp. Kiingereza chake mdogo wako atanisomea, kwa hiyo usinitumie picha ya kitu kingine.

Mama yako