Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge Kuhusu Ulinzi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: TATHMINI YA ULEMAVU NA MAFUNZO YA KAZI KWA WANAJESHI WASTAAFU

Nilikuwa dereva wa lori jeshini. Mgongo wangu uliumia nchini Somalia mwaka 2014, si kwa risasi wala bomu, bali kwa kuanguka kutoka juu ya lori usiku tulipokuwa tukishusha shehena, nami nimevaa fulana nzito ya kuzuia risasi. Nilimeza vidonge vya maumivu nikarudi kazini, kwa sababu msafara ulikuwa unaondoka alfajiri na hakuna askari anayependa kuambiwa kwamba anatega kazi. Kutoandikisha ajali hiyo siku ileile kumenigharimu hadi leo.

Miaka miwili baadaye picha ya MRI ilionyesha kwamba diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechomoza na kubana neva inayoshuka mguu wa kushoto. Siwezi kuketi zaidi ya dakika 40 kabla mguu haujafa ganzi, ingawa ukinikuta nimesimama kwenye foleni ya benki hutaona kasoro yoyote.

Nilipoomba malipo ya ulemavu, daktari aliyenipima aliandika kwamba ninaweza kufanya kazi ya kuketi, na kiwango changu kikapunguzwa. Nilipoomba mafunzo ya umeme wa magari, kazi ambayo nusu yake nilikwisha kujifunza chini ya malori ya jeshi, daktari mwingine akaandika kwamba siwezi kuinama wala kuinua zaidi ya kilo 10, nikakataliwa. Basi nikaomba kozi ya kompyuta, ambayo ndiyo hasa kazi ya kuketi niliyotajiwa, nikaambiwa kwamba nafasi hizo zimetengewa wenye kiwango cha juu cha ulemavu. Jibu hilo la mwisho nilipewa kwa mdomo, dirishani. Ofisi yenyewe siitaji kwa sababu rufaa yangu bado iko mezani kwao, na pia kwa sababu makarani wake hawakunikosea adabu. Wanajaza fomu walizopewa.

Raia anayeendesha lori kama lile kutoka Mombasa hadi Nairobi, akianguka kama nilivyoanguka, analindwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo hukokotoa fidia ya ulemavu wa kudumu kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Sehemu ya 3 ya sheria hiyo imewaondoa wanajeshi. Siombi tuingizwe humo, kwa kuwa jeshi lina utaratibu wake wa pensheni. Lakini Bunge lilipopitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, wengi wetu tulitumaini kwamba mtu hatapimwa tena na ofisi hii ili anyimwe malipo, kisha apimwe na ile ili anyimwe mafunzo.

Ninaiomba kamati yako iulize kwa nini jopo moja la madaktari lisimpime mstaafu mara moja, na ripoti yake itumike kuamua malipo na mafunzo kwa pamoja, ikieleza kazi ambazo mwili wake bado unaweza kuzifanya na kwa saa ngapi, badala ya kutaja asilimia tu ya kilichopotea. Anayekataliwa naye apewe sababu kwa maandishi, kama Kifungu cha 47 cha Katiba kinavyotaka pale haki ya mtu inapoguswa na uamuzi wa ofisi ya umma. Bila karatasi hiyo, rufaa yangu inapinga maneno ambayo hakuna anayekiri kuyasema.

Niko tayari kufika mbele ya kamati na faili langu lote. Nitaomba tu niruhusiwe kutoa maelezo nikiwa nimesimama.

Wako mtiifu,
Koplo mstaafu, Kaunti ya Nakuru